Msanii mkongwe anapoaga jukwaa: haki zipi hubaki mikononi mwake

Na Mwandishi Wetu, Dodoma

Msanii mkongwe anapotangaza kuwa tamasha fulani ndilo la mwisho kwake, macho ya wengi huelekea jukwaani: atafunga na wimbo gani, nani atapanda kumshika mkono, mashabiki watamuaga vipi. Yako maswali mengine ambayo hayasikiki katika shamrashamra hizo. Nyimbo zake zitaendelea kupigwa redioni, hotelini na kwenye mabasi. Je, nani atalipwa? Onesho lililorekodiwa usiku ule ni mali ya nani? Na mwezi unaofuata, msanii asiyetumbuiza tena ataishi kwa kipato gani?

Majibu ya maswali hayo yamo katika sheria za nchi. Hata hivyo, sehemu kubwa ya manufaa yake humfikia msanii aliyejiandaa miaka mingi kabla ya siku ya kuaga.

Mwaka 2013, Muhidin Maalim Gurumo, mwimbaji wa Msondo Ngoma, alitangaza kustaafu muziki baada ya takribani nusu karne jukwaani. Mzee huyo alikuwa miongoni mwa waimbaji wa NUTA Jazz, bendi iliyoanzishwa mwaka 1964. Habari iliyovuma zaidi katika kustaafu kwake ilikuwa gari alilozawadiwa na msanii wa kizazi kipya, Diamond Platnumz. Alifariki dunia Aprili 2014. Zawadi ile ilikuwa heshima ya kijana kwa mzee wa fani, na wengi waliifurahia. Lakini zawadi hutegemea moyo wa mtoaji, wakati haki ina utaratibu wake na mahali pa kudaiwa.

Enzi za NUTA Jazz, wanamuziki wa bendi zilizomilikiwa na vyama, majeshi na mashirika ya umma walikuwa waajiriwa waliopokea mshahara. Leo wasanii walio wengi wamejiajiri. Hawana mwajiri wa kuwakata mchango wa uzeeni wala wa kutunza kumbukumbu za kazi zao, hivyo majukumu hayo yamehamia kwa msanii mwenyewe.

Mkoa wa Dodoma una mfano wake katika maisha ya Hukwe Zawose, aliyezaliwa katika kijiji cha Doduma na kukulia katika muziki wa Wagogo. Sauti yake, zeze na ilimba vilimfikisha Dar es Salaam, kisha Bagamoyo, na hatimaye katika majukwaa ya dunia, likiwemo tamasha la WOMAD. Mwaka 2002, akiwa na mpwa wake Charles Zawose, alifungua maonesho ya mwanamuziki wa Uingereza Peter Gabriel huko Amerika Kaskazini. Mzee Zawose alifariki dunia Desemba 2003.

Kilichobaki baada yake kinaeleza maana ya maandalizi. Zipo rekodi zenye jina lake, zikiwemo Chibite ya mwaka 1996 na Assembly ya mwaka 2002. Ipo pia familia aliyoifundisha. Mwanawe Msafiri Zawose anaendeleza muziki huo kwa mtindo wake, na mwaka 2024 binti yake Pendo na mjukuu wake Leah walitoa albamu ya Maisha kwa jina la The Zawose Queens.

Kwa upande wa Tanzania Bara, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inampa mtunzi ulinzi katika maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kwa kipimo hicho, kazi ambazo mtunzi wake alifariki mwaka 2003 zinalindwa hadi mwisho wa mwaka 2053. Wimbo uliotungwa na watu wawili au zaidi huhesabiwa kuanzia kifo cha mtunzi wa mwisho. Kwa hiyo kuaga jukwaa hakupunguzi haki ya mtunzi hata siku moja, na akifariki warithi wake wanaendelea kunufaika. Zanzibar ina sheria yake na ofisi yake, COSOZA.

Sheria hiyo inamtambua pia mtumbuizaji, hata kama wimbo ulitungwa na mwingine. Onesho lake la jukwaani halipaswi kurekodiwa wala kutangazwa bila idhini yake, na ulinzi wa onesho lililorekodiwa ni wa miaka 50. Ndiyo maana mkataba wa tamasha la kuaga unapaswa kutenganisha mambo mawili: malipo ya kupanda jukwaani na malipo ya matumizi ya rekodi. Msanii anayetia saini karatasi moja inayochanganya yote mawili anaweza kujikuta ameuza onesho lake la mwisho kwa bei ya usiku mmoja.

Hakimiliki huzaliwa pamoja na kazi yenyewe. Hata hivyo, kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) humpa msanii ushahidi unapotokea mgogoro, na hurahisisha kumtambua mmiliki wakati wa kugawa mirabaha. Kwa bendi za zamani, ambazo wimbo mmoja uliweza kupitia mikono ya mtunzi, waimbaji na wapigaji kadhaa, kumbukumbu hizo ni muhimu zaidi. Mzee anayekumbuka nani alitunga nini akiondoka bila kuandikisha, familia hubaki na madai yasiyo na uthibitisho.

Mirabaha hutokana na matumizi ya kazi hadharani, yakiwemo ya vyombo vya utangazaji, hoteli, kumbi na vyombo vya usafiri. Mwaka 2023 Serikali iliongeza chanzo kingine kwa kuanzisha tozo ya hakimiliki ya asilimia 1.5 katika vifaa vinavyotumika kuzalisha, kudurufu na kusambaza kazi za sanaa.

Jambo la pili ni hifadhi ya jamii. Tangu mageuzi ya mwaka 2018, Mfuko wa Taifa wa Hifadhi ya Jamii (NSSF) unahudumia sekta binafsi pamoja na watu waliojiajiri, wasanii wakiwemo. Pensheni ya uzee hudai michango isiyopungua miezi 180, sawa na miaka 15. Msanii anayeanza kuchangia akiwa na umri wa miaka 45 hufikisha idadi hiyo akiwa na 60. Anayeanza siku ya kuaga amechelewa, hata kama uwanja umejaa.

Jambo la tatu linahusu ngoma ambazo hazina mtunzi mmoja. Mdundo wa muheme unaopigwa na wanawake wa Kigogo, au uimbaji wa nindo, ni urithi wa jamii nzima. Sheria ya mwaka 1999 inalinda sanaa za jadi za aina hiyo. Anayetaka kuzitumia kibiashara nje ya mazingira yake ya asili anatakiwa kupata idhini ya Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Jamii yenyewe inaendelea kuzitumia katika sherehe zake kama ilivyozoea.

Msanii anayekaribia kupumzika anashauriwa kukamilisha mambo manne akiwa bado na nguvu: kuandika orodha ya kazi zake na walioshiriki katika kila kazi, kuzisajili COSOTA, kuhakiki michango yake ya hifadhi ya jamii, na kuacha maelekezo ya mirathi yanayotaja hakimiliki, kama yanavyotaja shamba na nyumba. Maafisa utamaduni wa halmashauri wanaweza kumwelekeza mahali pa kuanzia.

Huko Chamwino, wilaya jirani na Jiji la Dodoma, vikundi vya vijiji mbalimbali hukutana katika tamasha la muziki wa Cigogo linaloandaliwa na Kituo cha Sanaa Chamwino. Wazee na vijana hupanda jukwaa moja, na mkubwa akichoka, ngoma hupokelewa na mdogo aliyekuwa akimtazama mikono. Jamii imekwisha kuweka utaratibu wake wa kurithishana ngoma. Utaratibu wa kurithisha kipato chake umo katika sheria, na unamsubiri msanii aanze kuutumia mapema.