Paka waliokufa walivyofichua ugonjwa wa ng'ombe wa maziwa

MAPEMA mwaka 2024, wafugaji wa kaskazini mwa jimbo la Texas, nchini Marekani, walianza kuona jambo wasilolielewa. Ng'ombe waliokuwa wakitoa maziwa vizuri waliacha kula ghafla, wakapunguza kucheua, na maziwa yao yakashuka mno. Hata yale machache yaliyokamuliwa yalikuwa mazito na ya manjano, mithili ya dang'a. Muda si mrefu habari za namna hiyo zikasikika pia kutoka majimbo ya Kansas na New Mexico.

Namna fumbo hilo lilivyofumbuliwa inafaa kusimuliwa, kwa kuwa inaonyesha kazi ambayo mnywaji wa maziwa mjini haioni kamwe.

Daktari wa mifugo aitwaye kumtazama ng'ombe mmoja humchunguza mgonjwa aliye mbele yake. Aitwaye kwenye kundi la ng'ombe elfu kadhaa hulichunguza kundi. Huuliza ni wepi wanaougua na wepi wazima, tangu lini, na wanatofautiana kwa jambo gani. Huko Texas jibu la maswali hayo lilikuwa na umbo lake. Kwa kawaida aliugua takriban ng'ombe mmoja kati ya kumi, na wengi wao walikuwa wakubwa waliokwisha kuzaa zaidi ya mara moja na waliokuwa wakikamuliwa. Mitamba na ng'ombe waliokaushwa kwa sehemu kubwa walinusurika.

Umbo hilo lilielekeza macho mahali pawili. La kwanza ni chakula, maana ng'ombe wanaokamuliwa hupewa mgao wao wenyewe, na hori lenye ukungu au sumu lingeweza kuwaangusha bila kuwagusa mitamba. La pili ni kiwele chenyewe. Sampuli zilipelekwa maabara na kupimwa magonjwa yanayofahamika kwa ng'ombe, lakini majibu yakarudi bila kumpata mhalifu. Na wala haishangazi: maabara hujibu lile iliyoulizwa, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuuliza juu ya mafua ya ndege ndani ya maziwa.

Dalili iliyofungua njia haikutoka kwa ng'ombe. Katika mashamba hayo wanaishi paka, ambao huzoea kunywa maziwa mabichi wanayowekewa. Katika shamba moja lililokuwa na paka wapatao 24, takriban nusu yao walikufa katika muda wa siku chache, baadhi wakiwa wamepofuka na kuzungukazunguka kabla ya kufa. Ndege waliokufa nao walionekana katika baadhi ya mashamba. Mizoga ya paka na maziwa ya ng'ombe wagonjwa vilipelekwa katika maabara ya mifugo ya Chuo Kikuu cha Jimbo la Iowa, na humo vikakutwa virusi vya mafua ya ndege aina ya H5N1. Serikali ya Marekani ilithibitisha habari hiyo Machi 25, 2024. Siku chache baadaye, Aprili 1, ikatangazwa kuwa mfanyakazi mmoja aliyekuwa karibu na ng'ombe huko Texas naye ameambukizwa, akiwa na macho mekundu.

Lililowashangaza wataalamu zaidi ni mahali virusi vilipojificha. Puani mwa ng'ombe vilikuwa vichache, lakini katika maziwa vilikuwa tele kupita kiasi. Hivyo mashine ya kukamulia, inayotoka chuchu hadi chuchu, ikatazamwa kuwa njia kuu ya kuambukiza ndani ya shamba. Kutoka jimbo hadi jimbo ugonjwa ulisafiri kwa malori: kundi la kwanza kutangazwa Michigan lilikuwa limepokea ng'ombe kutoka Texas. Kuanzia Aprili 29, 2024, ikawa amri kwamba ng'ombe anayekamuliwa apimwe kabla ya kuvushwa mpaka wa jimbo. Kwa wengi amri hiyo ilikuja kwa kuchelewa. California, iliyopata ugonjwa baadaye mwaka huo, ikawa na makundi mengi yaliyoambukizwa kuliko jimbo lingine lolote.

Na mnywaji je? Maziwa ya madukani yalipopimwa, takriban sampuli moja kati ya tano ilikuwa na mabaki ya virusi, lakini hakikupatikana kirusi hai hata kimoja. Joto la kiwandani lilikuwa limeviua. Kwetu Afrika Mashariki kazi hiyo hufanywa na sufuria ya nyumbani, na faida yake haihusu mafua ya ndege pekee, kwani kuchemsha huua pia vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya ugonjwa wa kutupa mimba, ambao humpata binadamu kama homa isiyokwisha. Mtindi uliogandishwa kwa maziwa mabichi hauna kinga hiyo, hata ukiwa mchachu namna gani.

Uchunguzi wenyewe kwetu una ugumu wa aina nyingine. Mfugaji mwenye ng'ombe wawili nyuma ya nyumba hana kundi la kulinganisha. Mmoja akipunguza maziwa, bwana mifugo hawezi kuona umbo lolote mpaka aulize majirani, au apate habari kwenye kituo cha kukusanyia maziwa, ambako mizani huonyesha upungufu wa mtaa mzima.

Marekani nayo iliishia kupima mahali kama hapo. Mpango wa taifa wa kupima maziwa yaliyokusanywa ulitangazwa Desemba 2024, na mwezi uliofuata matangi ya maziwa huko Nevada yakafichua aina nyingine ya virusi hivyo, ambayo haikuwa imepata kuonekana kwa ng'ombe. Safari hii haikuhitajika mizoga ya paka.