Chura wa Korogwe Asiyehitaji Dimbwi

Ile methali ya makelele ya chura kutomzuia ng'ombe kunywa maji inamchukulia chura kuwa jirani wa dimbwi. Kwa Handeni, haijakosea. Masika yakishajaza malambo, vyura wakubwa wenye ngozi ya vipele hukoroma ukingoni usiku kucha. Majike hutaga mayai kwa maelfu katika nyuzi ndefu za utelezi zinazojisokota kwenye majani ya majini, na siku chache baadaye maji ya kando yanakuwa meusi kwa viluwiluwi. Kisha jua la Handeni linaanza kazi yake. Hapo ni mbio: kiluwiluwi aote miguu kabla lambo halijakauka. Wengi hushindwa.

Sasa vuka mto Pangani uingie Korogwe. Mjini ni joto vilevile, kwani Korogwe imekaa kwenye mita 300 hivi tu kutoka usawa wa bahari. Lakini juu yake imesimama Usambara. Panda hadi Ambangulu, kwenye mashamba ya chai, uingie msituni usiku mvua ikiwa imetoka kunyesha. Utasikia mlio mmoja mkavu, tink, kama kijiko kimegonga glasi. Kimya. Halafu tena, tink. Mulika tochi majanini, usawa wa kiuno. Juu ya jani amekaa chura asiyefika sentimita 4, ncha za vidole vyake zimepanuka na kunyooka kama zilizokatwa kwa wembe. Chini yake hakuna dimbwi wala kijito, na hana haja navyo. Jike wa chura huyu hatagi. Anazaa.

Kisayansi anaitwa Nectophrynoides tornieri. Jina hilo la pili alipewa mwaka 1906 na Mswisi Jean Roux, kwa heshima ya Gustav Tornier wa Berlin, ambaye mwaka mmoja kabla alikuwa ametangaza kwamba chura mwingine wa nchi hii hii huzaa watoto hai. Dume hana kiungo cha kuingiza mbegu. Humkumbatia jike, wakagusanisha matundu yao, na mbegu zikapita. Mayai hubaki ndani ya mirija ya mama, kila kijusi kikila kiini cha yai lake. Ukiluwiluwi wote unaishia humo tumboni, mkia ukiota na kunywea bila kuona maji ya nje. Siku ya siku wanatoka watoto wapatao 30, vyura kamili. Linganisha na yale maelfu ya lamboni.

Mtu angedhani kiumbe aliyejikomboa na dimbwi angetapakaa kote. Imekuwa kinyume. Yule wa Handeni, mwenye kulitegemea lambo, ndiye msafiri: ana ngozi nene, anajificha ardhini kiangazi, na mvua ikirudi anatembea usiku kulitafuta dimbwi jipya. Wa Ambangulu ana ngozi laini inayopoteza maji upesi. Dimbwi lake ni hewa yenyewe, yaani ukungu ambao upepo wa Bahari ya Hindi huusukuma hadi kwenye misitu ya milimani. Ukungu ukikoma, naye anakoma. Shamba la mahindi lenye jua la saa sita kwake ni bahari isiyovukika.

Ushahidi uko ndani ya Korogwe yenyewe. Bonde la Lwengera limeigawa Usambara kuwa mbili, Magharibi na Mashariki. Mwaka 2004 watafiti walitangaza spishi tano mpya za vyura hawa wanaozaa, na mmoja wao, Nectophrynoides vestergaardi, anajulikana Usambara Magharibi tu, Ambangulu ikiwemo. Tornieri yeye yuko pande zote mbili, na kwenye milima mingine pia. Alivukaje? Huenda zamani, tabia ya nchi ilipokuwa na unyevu zaidi, misitu ilishuka ikakutana mabondeni. Au si chura mmoja: watafiti wanashuku kwamba jina hilo moja limeficha spishi kadhaa zinazofanana sura. Mimi naegemea hilo la pili.

Milima hii ni sehemu ya Tao la Mashariki, linaloanzia Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Milima ya Nguu, iliyokuwa Handeni kabla Kilindi haijawa wilaya, imo pia. Ni visiwa vya msitu, na karibu kila kisiwa kina chura wake. Ukaguru ina mmoja aliyepewa jina mwaka 2002 ambalo kila msomaji wa gazeti hili atalielewa bila kamusi: Churamiti maridadi. Ukoo mzima huu, Bufonidae, wataalamu wengi wanaona ulianzia Amerika Kusini. Wamesafiri mbali mno kuja kukwama juu ya kilima.

Kukwama huko kuna gharama. Chura wa Kihansi, korongo la milima ya Udzungwa, ndugu yao, aliishi kwenye hekta chache tu zilizoloweshwa na rasharasha za maporomoko. Bwawa la umeme lilipoyachukua maji mwaka 2000, rasharasha zilipungua. Mwaka 2003 ikaingia kuvu inayoshambulia ngozi za vyura. Mwaka 2009 alitangazwa kutoweka porini. Aliyemwokoa ni kizazi kilichotunzwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na mwaka 2012 akaanza kurudishwa Kihansi.

Kuvu hiyo husafiri kwenye tope na maji. Bonde la Lwengera, lisilovukika kwa chura, bodaboda hulikata kwa muda mfupi, na buti zenye tope zikiwa juu yake. Kwa hiyo ukienda kumsikiliza tornieri, usimshike. Na ukishuka, sugua viatu vyako na uviache vikauke kabisa juani kabla ya kupanda mlima mwingine.