Lugha Iliyopotea Nyumbani, Ikafundishwa Darasani: Maudhui ya Lugha katika Tawasifu ya Richard Rodriguez

Mwanafunzi, maudhui ya lugha na utambulisho hujitokeza katika kazi nyingi unazosoma, na watahiniwa wengi huyamaliza kwa sentensi moja: mhusika anabaguliwa kwa sababu ya lugha yake. Sentensi hiyo si kosa, ila haikufikishi mbali. Ili uone jinsi maudhui haya yanavyochimbwa, hebu tutoke kidogo nje ya vitabu vyako teule tutazame *Hunger of Memory*, tawasifu ya Richard Rodriguez iliyochapishwa mwaka wa 1982.

Usuli kwa ufupi. Rodriguez alizaliwa mwaka wa 1944 huko San Francisco, Marekani. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Meksiko, nao walimlea Sacramento, California, katika mtaa ambao majirani walikuwa Wazungu. Alipoingia darasani mara ya kwanza, katika shule ya Kikatoliki, alijua maneno 50 hivi ya Kiingereza. Mtawa aliyekuwa mwalimu akamtambulisha kwa wenzake, akilitamka jina lake Kizungu, na mtoto akalisikia kana kwamba linaitwa jina la mtu mwingine.

Kumbuka kwamba hapo hakuna aliyemtusi. Hakuna aliyemcheka wala kumpiga. Uchache wake ameutambua katika matamshi ya jina lake mwenyewe. Hii tayari ni hoja, na ni bora kuliko kuandika tu kwamba alibaguliwa.

Tukio ambalo kila kitu kinalizunguka ni la kimyakimya vilevile. Watawa walikuja nyumbani siku moja kuwaomba wazazi wazungumze Kiingereza na watoto wao ili wafaulu masomoni. Wazazi wakakubali bila ubishi. Mzazi gani angekataa? Baadaye, mtoto akaingia jikoni akawakuta baba na mama wakiongea Kihispania. Walipomwona tu, wakabadili, wakaendelea kwa Kiingereza chao cha kukwamakwama. Hapo ndipo alipoumia, na uchungu huo ndio uliomsukuma kujifunza Kiingereza kwa dhati. Soma tena mfuatano huo polepole. Lugha yake haikunyang'anywa na adui. Iliondolewa na watu waliomtakia mema, wakiwemo wale waliompenda kuliko wote. Ukilieleza jambo hilo vizuri katika insha yako, mtahini ataona kwamba umekisoma kitabu, hukusoma muhtasari.

Matokeo yake yana pande mbili. Shuleni mtoto akapata ujasiri, akaanza kuinua mkono na kujibu maswali. Nyumbani kukawa kimya. Hata namna ya kuwaita wazazi ikawa shida: maneno ya Kihispania yalimkumbusha alichopoteza, na ya Kiingereza hayakuwafaa watu wale. Baba naye akawa haneni sana. Jihadhari hapa unapoandika sifa za wahusika. Ukisema baba ni mkimya ukaishia hapo, umekosea nusu, kwa kuwa alipokutana na jamaa zake na kuzungumza Kihispania, sauti yake ilijaa nyumba. Ukimya wake ni wa lugha, si wa tabia.

Sasa tuje kwenye kinaya. Rodriguez alipofika shule ya upili, alifundishwa kusoma na kuandika Kihispania. Fikiria: lugha aliyoisikia tangu utotoni anaisomea darasani kama somo. Aliielewa ikizungumzwa na aliweza kuisoma, lakini kuitamka kulimshinda kwa miaka mingi. Mwenyewe anasema kilichomziba koo ni hatia, kama mtu aliyewasaliti wazazi wake. Jamaa walimwita *pocho*, yaani Mmeksiko aliyegeuka Mmarekani hata akasahau kwao. Mara nyingine walilitamka neno hilo kwa utani wa upendo, mara nyingine kwa dhihaka. Basi katikati ya Wazungu yeye ni wa wachache, na katikati ya jamaa zake pia amekuwa wa wachache.

Kuna mtego katika kitabu hiki. Masimulizi ni ya nafsi ya kwanza, lakini ndani ya huyo "mimi" wamo wawili: mtoto anayeumia na mtu mzima anayemkumbuka. Mtu mzima huyo anatetea yaliyotokea. Anadai kwamba hasara ile ilikuwa ya lazima ili apate nafasi katika maisha ya umma, na anapinga mpango wa kuwafundisha watoto shuleni kwa lugha ya nyumbani. Wasomaji wengi wenye asili ya Meksiko walimkosoa vikali kwa hilo. Kwa hiyo ukiandika kwamba mwandishi analaani kupotea kwa lugha yake, utakuwa umemwekea maneno kinywani. Mimi huona kwamba machozi ya mtoto yana nguvu kuliko hoja za mtu mzima. Wewe unaweza kunipinga, mradi utoe ushahidi kutoka kitabuni.

Huenda umekumbuka kibao kilichovishwa wanafunzi wa Kenya waliokamatwa wakiongea lugha ya mama, adhabu ambayo Ngũgĩ wa Thiong'o ameieleza. Mfano huo unafaa kwa kulinganisha, ila uonyeshe pia tofauti: kibao kilikuwa aibu ya hadharani, ilhali wazazi wa Rodriguez waliombwa kwa upole, sebuleni kwao. Na usiugeuze ukurasa mzima kuwa habari za shule yako.

Swali la mazoezi: "Mhusika anaweza kupata sauti mahali pamoja na kuipoteza mahali pengine." Kwa kurejelea mhusika mmoja katika kitabu teule unachokisoma, thibitisha kauli hii. (alama 20)