Mwendo wa Kundi, Moyo wa Mtu Mmoja: Afya Katika Safari Ndefu za Baiskeli Milimani

Kila mwaka, ifikapo Machi, maelfu kwa maelfu ya waendesha baiskeli hukusanyika Cape Town, Afrika Kusini, ili kuizunguka Rasi kwa safari ya kilomita 109. Safari hiyo, ijulikanayo kwa jina la Cape Town Cycle Tour, ilianza mwaka 1978 ikiwa na washiriki wapatao 500, na chimbuko lake lilikuwa madai ya wananchi waliotaka njia salama za baiskeli. Leo huhesabiwa miongoni mwa mikusanyiko mikubwa kabisa ya baiskeli duniani. Wachache tu katika umati huo ni wanamichezo wa kulipwa. Walio wengi ni watu wa kazi za kawaida, na miongoni mwao wamo wanaotumia dawa za shinikizo la damu au za kisukari, waliojiandikisha kwa sababu rafiki aliwaambia, "Twende pamoja."

Mwaliko huo una baraka nyingi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate mazoezi ya wastani ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, na wengi wetu hushindwa kufikia kiwango hicho tukiwa peke yetu. Rafiki anayesubiri mlangoni alfajiri huwa na ushawishi kuliko karatasi ya ushauri iliyotolewa kliniki. Hata hivyo, urafiki huohuo unaweza kumsukuma mtu kuvuka mpaka wa mwili wake. Ni vema basi kufahamu ni wapi kundi humsaidia mwendeshaji, na ni wapi humwacha peke yake.

Kundi hukata upepo, halikati mlima

Katika barabara tambarare, sehemu kubwa ya nguvu za mwendeshaji hutumika kuusukuma upepo. Anayefuata nyuma ya mwenzake kwa karibu huweza kuokoa robo hadi theluthi ya nguvu hizo. Ndiyo sababu mtu dhaifu anaweza kwenda sambamba na wenye nguvu kwa muda mrefu, akadhani kwamba ana uwezo sawa na wao.

Barabara inapoinuka, mambo hubadilika. Mwendo hupungua, upepo hauna tena uzito, na kila mmoja hulazimika kuunyanyua mwili wake mwenyewe pamoja na baiskeli yake. Kwa mwendo uleule, mwenye jumla ya kilo 105 huhitaji takriban mara moja na nusu ya nguvu anazohitaji mwenye kilo 70. Hapo mgongo wa rafiki haumkingi tena na kitu. Akiona aibu kubaki nyuma, moyo wake ndio utakaolipa.

Njia ya Cape Town huonyesha jambo hili waziwazi. Baada ya mwinuko wa Smitswinkel, waendeshaji hupita Chapman's Peak, barabara iliyochongwa katika jabali juu ya bahari, yenye kona 114 katika kilomita 9. Kisha, kilomita karibu 90 zikiwa tayari zimo miguuni, hukutana na Suikerbossie. Mlima huu wa mwisho si mrefu, lakini huwakuta watu wakiwa wamechoka, tena mbele ya macho ya watazamaji wanaoshangilia.

Kipimo rahisi cha mwendo salama ni mazungumzo. Anayeweza kutamka sentensi nzima yuko katika kiwango cha wastani. Anayetoa neno mojamoja kwa kuhema amekwisha kuvuka. Kwa hiyo marafiki wakubaliane kabla ya kuondoka: kila mmoja atapanda kwa mwendo wake, na wote watasubiriana kileleni. Anayefika wa mwisho apewe muda wa kupumzika kama wengine, asikute wenzake wamekwisha kushika usukani tayari kuondoka. Kabla ya kuteremka, wakague breki na kofia ngumu, na waachiane nafasi, kwa kuwa faida ya kufuatana kwa karibu haistahili hatari yake katika mteremko mkali.

Sukari na maji

Suikerbossie, kwa lugha ya Kiafrikana, ni jina la kichaka chenye maua yenye utomvu mtamu. Jina hilo lina kinaya chake, maana hapo ndipo sukari ya wengi huwa imekwisha. Akiba ya wanga katika ini na misuli hutosha kwa takriban saa moja na nusu hadi saa mbili za kazi nzito. Mwendeshaji anahitaji kula mapema, kabla njaa haijamshika: gramu 30 hadi 60 za wanga kwa saa huwafaa walio wengi. Ndizi mbivu moja ya wastani hutoa gramu zipatazo 25.

Kuhusu maji, kosa linaweza kutokea pande zote mbili. Upungufu wa maji hudhoofisha, hasa katika joto kali. Lakini kunywa maji mengi kuliko jasho linalopotea hushusha kiwango cha sodiamu katika damu, na hali hiyo inaweza kuua. Dalili zake ni kuumwa kichwa, kichefuchefu, kutapika, kuchanganyikiwa na hatimaye degedege. Kiu ni kiongozi mzuri kwa mtu mwenye afya. Hakuna sababu ya kumshindilia rafiki chupa baada ya chupa.

Kwa wenye maradhi ya kudumu

Mgonjwa wa kisukari anayetumia insulini au glibenclamide asianze safari bila ya kupima sukari. Ikiwa chini ya milimoli 5 kwa lita, ale wanga kwanza. Ikiwa juu ya milimoli 14, hasa kama anajisikia vibaya au ana ketoni, aahirishe. Abebe sukari mfukoni mwake, na walau rafiki mmoja ajue ilipo. Sukari inaweza kushuka hata usiku, saa nyingi baada ya safari, hivyo asilale bila ya kupima na kula. Marekebisho ya dozi yapangwe na daktari wake siku kadhaa kabla.

Anayetumia atenolol au dawa za jamii hiyo asitegemee kuhesabu mapigo ya moyo, kwa maana dawa huyazuia kupanda. Kipimo cha mazungumzo kitamfaa zaidi. Dawa za kuongeza mkojo huweza kuzidisha upotevu wa maji na chumvi. Nazo diclofenac na ibuprofen, ambazo wengi humeza asubuhi ili "miguu isiume", huziweka figo katika hatari wakati mwili umekauka. Mwenye homa, iwe ya malaria au ya mafua, abaki nyumbani, kwa kuwa baadhi ya maambukizi hushambulia misuli ya moyo.

Dalili zisizosubiri kilele

Maumivu au mbano wa kifua, kizunguzungu cha kutaka kuzimia, moyo kwenda mbio bila mpangilio, au kuhema kusikolingana na kazi inayofanyika: hizi ni amri za kusimama papo hapo. Kundi zima lisimame naye na kuita msaada. Akianguka, asiitike wala asipumue kawaida, mmoja aanze kukandamiza kifua mara 100 hadi 120 kwa dakika, kwa kina cha sentimita 5 hadi 6, na mwingine atafute kifaa cha kushtua moyo.

Kwa mtoa huduma: mwendeshaji aliyechanganyikiwa asitundikiwe dripu kwa mazoea. Pima sukari, joto la mwili na, inapowezekana, sodiamu. Ikiwa ubongo umeathirika kwa sababu ya sodiamu kushuka, tiba ni mililita 100 za maji ya chumvi ya asilimia 3 kupitia mshipa, ambazo zinaweza kurudiwa. Maji mengine mengi yatamdhuru.

Mwaka 2015 waandaaji wa Cape Town Cycle Tour waliifupisha safari kwa sababu ya moto wa nyikani, na mwaka 2017 waliisimamisha kwa sababu ya upepo mkali, ilhali maelfu walikuwa wamejiandaa kwa miezi mingi. Ikiwa mkusanyiko mkubwa kiasi hicho unaweza kusimamishwa kwa ajili ya usalama, marafiki wanne hawashindwi kusimama kwa ajili ya mmoja wao. Basi kabla ya safari, kila mmoja awaambie wenzake maradhi yake, dawa zake na namba ya simu ya ndugu yake. Wahenga walinena: akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, lakini hawezi kukufaa kwa dhiki uliyomficha.