Florence Kasumba hakuanzia Wakanda

Wengi wetu tunamujua Florence Kasumba kama Ayo, yule mulinzi wa kichwa kipara mu Black Panther (2018). Ila kazi yake ilianza mbali. Alizaliwa Kampala mwaka 1976, akakulia Essen, Ujerumani. Alisomea kuimba, kucheza na kuigiza kule Tilburg, Uholanzi, kisha miaka mingi akafanya kazi ya jukwaani: Cats, Aida na zingine.

Miye kinachonishangaza ni Tatort. Hiyo seri ya polisi, Wajerumani wanaiangalia kila siku ya yenga magaribi tangu 1970. Mupelelezi mukubwa mwanamuke mweusi? Hakukuwa, mpaka 2019, Florence alipoingia kama Anaïs Schmitz. Alikuwa na miaka 42. Hollywood ilikuwa imeshamuita, tena zaidi ya mara moja.