Je, Wajua? Mipaka ya Kura, Kuanzia Saboti

Je, wajua kwamba eneo bunge la Kiminini ilimegwa kutoka Saboti? Katika uchaguzi wa 2007 Trans Nzoia ilikuwa na viti vitatu: Saboti, Kwanza na Cherangany. Mwaka wa 2012 tume ya uchaguzi, IEBC, ikaongeza Kiminini na Endebess.

Mji wa Kitale, ulio Trans Nzoia, wenyewe una wabunge wawili. Wadi za Matisi na Tuwani ni za Saboti, wadi ya Hospital ni ya Kiminini. Majirani hukutana sokoni, kwenye debe huagana.

Je, wajua kwamba Kitale iligombaniwa kabla ya uhuru? Tume ya mipaka ya majimbo ilipopita mwaka wa 1962, mwanasiasa Masinde Muliro aliitaka iwe katika jimbo la Magharibi. Ikapewa Bonde la Ufa. Ndiyo maana enzi za mikoa, matatu ya Kitale ikifika Kamukuywa ilikuwa tayari imeingia mkoa mwingine.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye moto. Katiba imeweka maeneo bunge 290, basi. Ukigawa Wakenya wa sensa ya 2019, kila moja linapata watu 164,015, na sheria inaruhusu kupungua au kuzidi kwa asilimia 30, au 40 kwa majiji na sehemu zenye watu wachache. Trans Nzoia ina watu 990,341 kwa viti vitano: zaidi ya 198,000 kwa kila mbunge. Bungoma, yenye viti tisa, ni zaidi ya 185,000. Lamu Mashariki? Takriban 22,000! Iliponea kwa sababu Katiba ilikataza eneo bunge lolote kufutwa katika mapitio ya kwanza ya mipaka, yale ya 2012. Kinga hiyo imekwisha, na kiti cha sita kikija Trans Nzoia lazima king'olewe kwa mtu. Usishangae wanasiasa wakilikwepa jambo hili.

Je, wajua kwamba asiyeridhika na mpaka ana siku 30 tu za kwenda Mahakama Kuu tangu uchapishwe kwenye Gazeti Rasmi? Mwaka wa 2012 zilifika kesi zaidi ya 100, zikaunganishwa mbele ya majaji watano.

Na mapitio ya pili? Miaka 12 ambayo Katiba inaruhusu, kwa wingi, kati ya mapitio iliisha Machi 2024. Wakati huo IEBC haikuwa na kamishna hata mmoja; ilipata makamishna Julai 2025.