Zizi moja, lakini chakula si kimoja

Ndugu mchimbaji uliye Misisi ao Kamituga, pesa unayotuma Uvira mara nyingi inageuka mbuzi nyuma ya nyumba. Hao ndio minerval ya watoto kesho. Lakini fungu moja la majani likitupwa katikati, wenye nguvu wanamaliza yote; mwenye mimba na mgonjwa wanabaki kuangalia.

Mama unayebaki na zizi, ujue hivi. Mbuzi anabeba mimba miezi 5, na mtoto anakua sana katika wiki 6 za mwisho. Wakati huo mwongeze pumba ya mchele, ile ya bonde la Ruzizi, kidogo kidogo kila siku. Ukimpa nyingi mara moja, tumbo linaharibika. Akizaa, mtoto anyonye maziwa ya kwanza saa zilezile. Anayenyonyesha anataka chakula na maji kuliko wote. Beberu, majani na chumvi vinamtosha. Pumba nyingi inaweza kumzibia mkojo.

Mzee aliyeisha meno, mfunge pembeni, umkatie majani laini. Anayehara, mtenge, mpe maji safi, umwite munganga wa nyama.

Na maganda ya muhogo? Mabichi yana sumu. Yaanike mpaka yakauke vizuri.

Kila asubuhi, mbele ya kugawa, papasa mgongo wa kila mmoja. Manyoya yanadanganya jicho. Mkono ndio unajua nani amekonda.